Wafalme Wawili na Hatua ya Sita



Tangu Baba Mtakatifu Fransisko alipoitenga Dominika ya Tatu ya Mwaka kuwa Dominika ya Neno la Mungu, mwaka 2019, parokia nyingi huiingiza Biblia kanisani kwa maandamano, kwa nyimbo na vigelegele, na kuifukizia ubani. Twafurahi. Lakini sisi wa Haki na Amani twajiuliza juu ya siku zinazofuata, Kitabu kinapofunguliwa katika nyumba za jumuiya zetu ndogo ndogo. Maana mtu aweza kukikaribia Kitabu kila juma na asimkaribie Mungu hata kidogo.

Maandiko yenyewe yatupa mfano wa baba na mwana waliosomewa Neno, kila mmoja kwa wakati wake. Baba ni Yosia, mfalme wa Yuda. Katika mwaka wa 18 wa utawala wake, Hekalu likiwa katika matengenezo, kuhani mkuu Hilkia alikipata kitabu cha Torati, na Shafani mwandishi akakisoma mbele ya mfalme (2 Fal 22). Yosia aliposikia aliyararua mavazi yake. Mwana ni Yehoyakimu. Yeye alisomewa gombo la Yeremia wakati wa baridi, ameketi mbele ya makaa. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, alizikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo zima likateketea (Yer 36). Katika Kiebrania, kitenzi kilichotumika kwa mavazi ya baba na kwa gombo la mwana ni kile kile kimoja.

Kisa cha tofauti yao kimo katika sura ya 22 ya Yeremia. Yehoyakimu alikuwa akijenga jumba: vyumba vipana, madirisha makubwa, mbao za mwerezi, rangi nyekundu. Waliomjengea hawakulipwa. Ndipo nabii alipomkumbusha habari za baba yake, aliyekula na kunywa kama watu wengine, ila akaamua kwa haki shauri la maskini na mhitaji. Na huko, asema Bwana, ndiko kumjua Yeye. Hatuambiwi kwamba haki ni tunda litakalokuja baadaye, mtu akiisha kumjua Mungu vya kutosha katika sala. Twaambiwa kwamba ndiko kumjua kwenyewe. Twakiri kuwa seminarini tulizisoma sura hizi na kuzifanyia mtihani, wala hatukusimama hapo.

Jumuiya zetu nyingi husali kwa zile Hatua Saba zilizotungwa katika Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Twamkaribisha Bwana, twasoma, twarudia maneno yaliyotugusa, twanyamaza, twashirikishana. Hatua ya sita yatutaka tuulize: Bwana anatutuma kufanya nini, nani atafanya, na lini? Hapo ndipo saa hutazamwa. Mwenyekiti asema muda umekwenda, yatangazwa michango, na sala ya kufunga yaanza. Hatuna makaa wala kisu cha mwandishi. Tumejifunza njia ya upole zaidi ya kuyakata yale tusiyopenda kuyasikia.

Tuchukue jambo moja tu, lililo karibu na kila mlango. Jumuiya imekusanyika nyumbani kwa muumini mwema. Msichana wa kazi amepanga viti tangu saa kumi, amechemsha chai, na wakati wa somo yuko jikoni. Ameambiwa mshahara wake unatunzwa na mama mwenye nyumba. Ni mwezi wa tano sasa, na kwao mdogo wake amerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa sare. Wanajumuiya wote wanajua. Torati yaagiza ujira wa kibarua utolewe kabla jua halijatua (Kum 24:15), na Yakobo asema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimemfikia Bwana (Yak 5:4). Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo yamtambua mfanyakazi wa nyumbani kuwa mfanyakazi, na yakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Ni nani atakayeyasema haya katika hatua ya sita, naye amekalia kiti cha mwenye nyumba na kikombe chake ki mkononi?

Wala tusiwanyoshee kidole walei peke yao. Makao ya mapadre yana mpishi na mlinzi. Vigango vina makatekista wanaotembea kwa miguu Jumapili nzima kwa posho ambayo pengine huja na pengine haiji. Sisi tulio mimbarani tumewahi kumaliza mnara wa kengele huku tukimwambia katekista avumilie. Yehoyakimu naye alipenda kujenga.

Twaziomba jumuiya, katika mikutano minne ijayo, zisome Yeremia 22:13-17 na sura ya 36, na kuipa hatua ya sita muda ule ule unaopewa hatua ya tano. Katibu aandike daftarini lililoamuliwa, jina la aliyetumwa, na tarehe, kisha mkutano unaofuata uanze kwa kulisoma daftari hilo. Parokia nazo zianze na orodha ya wafanyakazi wao wenyewe. Na yule aliye jikoni aitwe kabla somo halijaanza, apewe kiti, na chai ichemshwe baadaye na yeyote kati yetu.