Msituambie "Mtandao Haupo"

"Mtandao haupo." Nililisikia jibu hilo kwenye dirisha la soko moja la dhahabu huku kwetu, na hasira haijanitoka. Mbele yangu alisimama mchimbaji mdogo, vumbi la karasha bado limemganda kwenye nyusi, dhahabu yake imekunjwa ndani ya karatasi ya sigara. Umeme ulikuwepo. Mizani ilikuwa inasoma. Simu mfukoni mwangu ilikuwa ikiingiza ujumbe kama kawaida. Mtandao ulikuwepo! Kilichozimika ni mfumo, na hakuna aliyetaka kusema kwa nini.

Nyuma ya dirisha kama lile kuna seva, na ndani ya seva kuna programu ya hifadhidata inayotunza leseni, uzito, bei na mrabaha. Programu hizi zina nyufa. Ziko nyufa ambazo hazimwezeshi mhalifu kuiba hata tarakimu moja, ila anatuma ombi moja baya na seva inaganda, foleni nzima inasimama. Kampuni ya Oracle hutoa viraka vya kuziba nyufa za MySQL, mojawapo ya programu hizo, kila Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na onyo moja hujirudia humo: seva inaweza kuangushwa tena na tena.

Anayeona haya ni mambo ya mbali akumbuke Januari 25, 2003. Kirusi Slammer, chenye baiti 376 tu, kiliingia kwenye SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, na ndani ya dakika 10 kikawa kimeshika kompyuta zipatazo 75,000. Mashine za kutolea fedha za Bank of America zikagoma. Kiraka kilitolewa Julai 2002. Kwa miezi sita dawa ilikuwa mezani na watu hawakuinywa!

Hapa nyumbani, Mei 2021, mfumo wa LUKU wa kununulia umeme ulikwama kwa siku kadhaa, watu wakalala gizani na fedha wanazo. Waziri wa Nishati wa wakati ule, Medard Kalemani, aliyekuwa pia mbunge wa Chato hapa hapa Geita, akaagiza maofisa wasimamishwe kazi. Sawa. Lakini kumsimamisha mtu hakuzibi ufa wowote kwenye seva.

Soko la Geita lilifunguliwa Machi 2019 ili dhahabu itoke vichochoroni. Basi kila soko lenye mfumo libandike, kando ya bei elekezi, tarehe ambayo hifadhidata iliwekewa kiraka cha mwisho na cheo cha anayewajibika. Na pawepo daftari lenye mihuri, kazi iendelee siku mfumo ukigoma.

Saa tisa alasiri yule mchimbaji aliikunja tena karatasi yake akatoka. Nilimkuta nje, nyuma ya pikipiki, dalali akimhesabia noti kwa bei aliyojipangia mwenyewe. Mrabaha wa asilimia 6 haukukatwa na mtu.