Acheni Kusema "Ataongea Tu" Kabla Hamjampima Masikio

"Ataongea tu." Hiyo ndiyo dawa ya kwanza mtoto wa Nairobi huandikiwa akifika miaka miwili bila maneno. Haina dozi, haina bei, na kila mtu kwa ploti ana leseni ya kuitoa.

Mama wa nyumba ya nne anasema ni mvulana, wavulana huchelewa. Shosho anasema hata babake alianza kuongea akiwa na miaka minne, na sasa hanyamazi. Mwingine analaumu katuni. Mwingine anasema mnamchanganya na lugha tatu, Kikamba cha shosho, Kiswahili cha mtaa na Kizungu cha simu. Halafu kuna yule wa mwisho, ambaye anafungua mtoto mdomo kama anakagua mbuzi sokoni, anatangaza ulimi umefungwa ama ni kimeo, na anajua mzee mahali fulani wa kukata.

Wote hao wamemwangalia mdomo. Sikio je?

Najua nitaambiwa mimi sina mtoto. Ni kweli, nina miaka 23 na sina. Lakini naishi nyumba moja na dadangu na mtoi wake, na kwa zaidi ya mwaka mzima mimi ndiye nilikuwa natumwa duka la dawa. Kwa hivyo hesabu ninayo. Tangu afikishe miezi tisa hadi akaribie miaka miwili na nusu, masikio yalimsumbua mara sita. Stori ilikuwa ile ile: mafua siku tatu, homa usiku, analia ukimlaza, anavuta sikio, asubuhi mto una usaha. Nafika dukani nasema "sikio", napewa chupa ya antibiotiki ya unga wa kuchanganya na maji, na dawa ya mafua juu yake. Mara sita. Hakuna hata siku moja mtu nyuma ya ile kaunta aliniuliza, "Kwani hii ni mara ya ngapi?"

Hilo swali ni muhimu kuliko chupa. Madaktari wana kipimo chao: sikio likiambukizwa mara tatu ndani ya miezi sita, au mara nne ndani ya mwaka, hilo ni tatizo linalojirudia na mtoto anafaa aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Duka la dawa haliwezi kukwambia hivyo kwa sababu halina faili yako. Linakuona kama mteja mpya kila Jumatatu.

Wacha nieleze kinachoendelea huko ndani, maana hakuna aliyetueleza sisi. Nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaoenda hadi kwa chumba kidogo kilicho nyuma ya kiwambo cha sikio. Kwa mtu mzima mrija huo umeinama, kwa hivyo maji yanateremka na hewa inapita. Kwa mtoto mdogo ni mfupi, mwembamba, na umelala karibu kama sakafu. Mafua yakimpata, unavimba na kuziba. Maji yanabaki kwa kile chumba, viini vinazaana humo, usaha unajaa, mtoto analia usiku kucha. Akipata nafuu kila mtu anashukuru Mungu na kurudi kazini.

Lakini maji hayaondoki siku ile homa inaondoka. Kwa watoto wengi yanakauka yenyewe ndani ya miezi mitatu. Kwa wengine yanakaa, yanakuwa mazito kama gundi, na mafua mengine yanakuja kabla yaishe. Na hayaumi! Mtoto anacheza, anakula, hana joto. Ila chukua ngoma, ijaze maji, halafu uipige. Hivyo ndivyo kiwambo chake kinavyofanya kazi.

Maji hayo kwa kawaida yanapunguza usikivu kwa kama desibeli 20 hadi 30. Mnong'ono ni kama desibeli 30. Kwa hivyo mtoto huyo si kiziwi, na hapo ndipo watu wanadanganyika. "Anasikia bana, nikimwita anakuja." Ndio, kwa sababu unamwita kwa sauti ya kuita kondakta. Mlango ukigongwa anageuka. Katuni ikianza anakimbia. Kile anachopoteza ni sauti ndogo ndogo, zile za s, f, sh, t, k, p, ambazo hata sisi tukiongea hatuzitii nguvu. Sema "shika", "fika", "pika", "sita", ukiwa umejiziba masikio na vidole. Zile tatu za kwanza zote zinakuwa "ika". Sasa wewe una miezi 18, hujawahi kuyajua hayo maneno, na mtu mzima anakwambia "ika" akitarajia umletee kitu. Utaleta nini?

Na huu ndio upande ambao umenifanya niandike. Yule mama anayewalea watoto wa mtaa alimwambia dadangu kwamba mtoi ni mkaidi. Anaambiwa aache, haachi. Anaambiwa njoo, anageuka anaenda zake. Alikuwa anachapwa kwa hilo, na nyumbani pia tulikuwa na wageni wa kutoa ushauri kwamba kiboko kidogo hakijaua mtu. Mtoto wa miaka miwili, anachapwa kwa kukosa kutii maneno ambayo hayakumfikia. Ni wangapi mtaani mwenu wanaitwa watundu, wajinga, wenye kiburi, na hakuna mtu amewahi kuchungulia masikio yao hata mara moja?

Tulipofika kwa mtaalamu wa kupima usikivu, kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Kifaa kidogo kinawekwa kwenye tundu la sikio, kinasukuma hewa kidogo, na mashine inachora mstari. Kiwambo kinachocheza vizuri huchora kilima. Cha mtoi wetu kilichora barabara tambarare, kulia na kushoto. Halafu akaketishwa kwa mapaja ya mamake, sauti zikatoka kwa spika za pande mbili, na kila akigeukia sauti mwanasesere anawaka taa. Zile sauti kubwa aligeukia zote. Zile ndogo, aliendelea kucheza na kamba za viatu. Dadangu aliuliza kitu kimoja tu: "Kwa hivyo nikimwimbia usiku alikuwa anasikia nini?"

Sasa sitaki mtu atoke hapa akakimbie kudai mtoto wake apasuliwe. Utafiti uliofanywa miaka mingi unaonyesha kwamba watoto wengi wenye maji masikioni huja kuongea sawa na wenzao, na kukimbilia kuweka mirija mapema kwa mtoto ambaye hana shida nyingine hakumfanyi aongee vizuri zaidi baadaye. Ndio maana sisi tuliambiwa tungoje miezi mitatu halafu apimwe tena. Na tuliambiwa tungoje bila antibiotiki, kwa sababu maji hayo yasiyo na homa wala maumivu hayaondolewi na antibiotiki, wala na zile dawa za mafua za kulaza mtoto. Fikiria zile chupa zote.

Lakini sikilizeni vizuri, kwa sababu "ngoja miezi mitatu" ya daktari na "ataongea tu" ya mtaa zinafanana kwa masikio ya mvivu. Ya daktari ina tarehe ya kurudi na kipimo kilichoandikwa. Ya mtaa haina mwisho; inaanza akiwa na miaka miwili na inaendelea hadi mwalimu wa chekechea anaposema mtoto hafuati darasa. Na mtoto ambaye tayari amechelewa kuongea, au ana hali nyingine inayomchelewesha, hafai hata kungojeshwa kirahisi hivyo. Kwake kusikia nusu ni gharama kubwa.

Na inawezekana masikio yakapimwa yakapatikana mazima. Sawa, basi umejua. Huenda ni tawahudi, huenda ni kitu kingine, huenda kweli ni mtoto tu anayechukua muda wake. Hapo unaenda kwa mtaalamu wa lugha na matamshi ukiwa umefunga mlango mmoja. Huwezi kuanza kumfundisha mtoto maneno kabla hujajua kama anayapokea.

Ile ya lugha tatu iacheni kabisa. Watoto wa nchi hii wamekua na lugha mbili, tatu tangu zamani. Lugha nyingi hazisababishi mtoto kuchelewa. Kinachofaa ni kuhesabu maneno yake yote pamoja: akisema "maji" kwa Kiswahili na "mbwa" kwa Kikamba, hayo ni maneno mawili. Akiwa na miezi 12 unatarajia neno moja hivi na kelele nyingi za "bababa". Akifika miaka miwili, kama maneno 50 na kuanza kuunganisha mawili, "mama njoo", "taka maji". Nusu ya wazazi ninaowajua hawajui kwamba kile kijitabu cha mama na mtoto cha kliniki kina sehemu ya hatua za ukuaji. Kinafunguliwa kwa ukurasa wa chanjo, kinagongwa muhuri, kinafungwa.

Kwa chanjo yenyewe, hapo serikali nitaipa haki yake. Tangu 2011 watoto wa Kenya wanapewa bure chanjo ya nimonia katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kiini inachopigana nacho ni mojawapo ya vinavyoleta usaha masikioni. Lakini mtoto akizaliwa katika hospitali zetu nyingi za umma anaruhusiwa kwenda nyumbani bila mtu kupima kama anasikia. Wataalamu wa usikivu ni wachache na wengi wao wako miji mikubwa. Mama wa Umoja anaweza kupanda matatu. Mama wa Mandera afanyeje? Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Sisi kila tarehe 3 Machi tunaweka picha ya Siku ya Usikivu Duniani kwa simu, halafu tarehe 4 tunarudi kusema ataongea tu.

Najua jibu lenu, pesa. Naelewa. Siku moja ya foleni ni siku moja bila kazi, na nauli, na labda uambiwe mashine imeharibika. Mimi siwalaumu kina mama. Dadangu anaingia kazini saa kumi na mbili asubuhi na mwajiri wake hajui neno ruhusa. Nawalaumu watu walio na nguvu ya kumzuia asiende kwa mdomo tu, wale wanaomfanya ajisikie mwoga kwa sababu ana wasiwasi. Mama akisema kuna kitu hakiko sawa, mnamcheka kwamba amesoma sana intaneti. Chupa sita zile zilikuwa pesa pia.

Na acheni kumwaga vitu kwa masikio ya watoto. Mafuta ya moto, maji ya kitunguu, maziwa ya mama, sijui nini. Sikio linalotoa usaha mara nyingi kiwambo kimetoboka, kwa hivyo unachomwaga nje kinaingia ndani. Usaha hukaushwa kwa kitambaa safi laini kilichosokotwa, unaweka, kinanyonya, unatoa, unaweka kingine, na unaenda kliniki. Ukizidi wiki mbili hiyo ni hali sugu na ina dawa yake ya matone ambayo daktari ndiye anaandika. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, sikio limesukumwa mbele, hapo usingoje asubuhi, ni hospitali usiku huo huo. Nyumbani, usimpe chupa ya maziwa akiwa amelala chali, na yule mjomba wa sigara avutie nje, mbali. Mtoto anayekoroma na kupumua kwa mdomo kila usiku, mtajie daktari hilo pia, huenda tezi za nyuma ya pua ndizo zinaziba njia.

Wa kwetu alirudishwa baada ya miezi mitatu. Sikio la kulia limekauka. La kushoto bado, na tuko kwa foleni ya kujua kama atawekewa kale kamrija kadogo, ambako hukaa miezi sita hadi mwaka na nusu kisha kakadondoka kenyewe. Siku hizi kila mtu nyumbani anachuchumaa mbele yake kabla ya kuongea, ndio aone mdomo. Ana maneno 19. La mwisho ni "hapana", na analitumia vizuri sana.

Wewe unayesoma hii labda ni shangazi, mjomba, ama kaka mkubwa. Wewe ndio uko na simu na muda wa kupiga foleni. Mbali na hospitali, kuna vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu, EARC, vilivyoanza 1984 na viko katika kaunti, na pale Kasarani kuna kituo cha KISE. Nenda na kijitabu, na karatasi yenye tarehe za kila mara sikio liliuma. Ukiambiwa mrudi akifika miaka mitatu, uliza kwa heshima ni kipimo gani cha usikivu kimefanywa leo. Kama hakuna, omba barua ya rufaa kabla hujatoka kwa hicho chumba.