Nyumba yetu: chumba kimoja zaidi



Juma hili tunaweka kando lishe na masomo ya watoto, tuongee juu ya matofali. Katika vikundi vyetu vya likirimba hapa Bukavu, mama akipokea zamu yake siku hizi, mara nyingi anasema: nataka kuongeza kachumba. Huyu anajenga nyuma ya jiko, yule anafunga baraza, mwingine anachimba mlima apate mita mbili. Nasi tumo. Basi tutawaeleza tulivyopanga, na tulivyokosea kwanza.

Tuko watu saba katika vyumba viwili na salon. Binti yetu mkubwa ana miaka 14 na anatandika godoro salon wageni wakishaondoka. Wageni wakikawia, anasinzia juu ya daftari. Mama mkwe alikuja kutibiwa macho, akabaki, na tunafurahi kuwa naye, lakini analala pamoja na wavulana watatu wanaopigana mateke usingizini. Chumba kilihitajika. Ila sisi wawili, baba na mama wa nyumba, hatukukubaliana chumba ni cha nani. Mmoja alitaka mpangaji, pesa iingie kila mwezi, maana mshahara wa mwalimu mnaujua. Mwingine alitaka binti na nyanya yake walale vizuri. Tulibishana karibu mwezi mzima, na ukweli ni kwamba mwezi huo ulitusaidia. Tungekuwa na pesa mkononi wakati ule, tungejenga haraka na vibaya kama mara ya kwanza.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2019. Tuliongeza jiko ubavuni mwa nyumba wakati wa kiangazi, kwa siku tisa, bila kumuuliza mtu. Mabati tuliyainamisha kuelekea chini, kwa sababu ndiyo ilikuwa rahisi kwa fundi. Mnajua vilima vyetu: chini yako kuna nyumba ya mtu, na chini yake kuna ya mwingine. Mvua ya kwanza ya Septemba ilianguka usiku. Asubuhi mama anayekaa chini yetu alipanda, nguo zimelowa hadi magotini. Maji ya mabati yetu yalichimba nyuma ya ukuta wake, yakaingia ndani, yakaharibu unga na kulowesha mbao za meza ya cherehani yake, na cherehani ndiyo kazi yake. Tulimjibu nini? Tulimjibu kwamba mvua ni ya Mungu. Tangu siku hiyo tulisalimiana kwa kichwa tu.

Mvua ni ya Mungu, lakini bati ni letu. Hesabu yake ni rahisi, tunaifundisha darasani: mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba inatoa litri moja ya maji. Kachumba tunachotaka kujenga sasa kitakuwa na mabati ya mita 3.5 kwa mita 4, yaani mita 14 za mraba. Mvua nzito ya milimita 30, ambayo si ajabu kwetu, itamwaga pale litri 420. Hizo ni bidoni 21 za litri 20, zote zikimiminwa mahali pamoja kwa saa moja au mbili. Fikirini mtu anasimama juu ya ukuta wenu na kumwaga bidoni 21.

Kwa hiyo safari hii, kabla ya kumwita fundi, tulishuka kwa yule mama na kilo moja ya sukari. Alitutazama mlangoni akasema, «Mwalimu, mmekuja kwa mvua gani tena?» Tukamjibu, «Ile ya 2019, mama. Na hii inayokuja.» Alinyamaza kidogo, kisha akatoa viti.

Tulimweleza mpango wetu. Wa kwanza kabisa ulikuwa kukata mlima nyuma ya nyumba, lakini huo tulikuwa tumeshauacha. Udongo wetu mwekundu ukiwa mkavu ni mgumu kama jiwe, na unadhani umesimama milele. Ukijaa maji unakuwa mzito, unateleza, na anayekaa juu anashuka pamoja nao. Ukikata mlima wima bila kujenga ukuta wa mawe wa kuuzuia na bila njia ya maji nyuma ya ukuta huo, umelichimbia shimo godoro la mtoto wako. Na ukuta wa namna hiyo ukijengwa vizuri unaweza kukugharimu kuliko chumba chenyewe. Atakayesema fundi wake anaweza kuukwepa, amwulize huyo fundi kama atakuja kulala humo mwezi wa Aprili.

Mpango wa pili ulikuwa kujenga upande wa kushoto, penye udongo tambarare, chumba cha mita 4 kwa 4. Tulikuwa tumeshapiga vijiti na kufunga kamba. Yule mama akapanda nasi kuangalia. Amekaa kwenye avenyu hii tangu sisi tungali wanafunzi. Alisimama kwenye kijiti cha pembeni, nyuma kabisa, akasema, «Hapa msiweke msingi. Mwenye parseli wa kwanza alikuwa na choo hapa.»

Hatukuwa tunajua. Aliyetuuzia hakusema. Tukaazima baramini ya fundi, tukapiga. Mahali pengine ilisimama baada ya sentimita 20. Pale ilizama zaidi ya mita moja kama kisu kwenye fufu. Shimo lilifunikwa kwa udongo na takataka, majani yakaota juu, na sisi tungeweka juu yake pembe ya chumba atakacholala binti yetu. Ukuta ungepasuka msimu wa kwanza, pengine wa pili.

Tumewaza sana habari hiyo. Tulienda kuomba radhi, na kama tusingeenda, hakuna ambaye angetuambia. Katika parseli zetu, ambazo zimekatwa na kuuzwa mara tatu au nne, anayejua kilichozikwa chini ni jirani mzee, si karatasi. Mwulizeni palikuwa choo wapi, maji ya zamani yalipita wapi, ukuta gani uliwahi kuanguka. Ni bure, isipokuwa kilo ya sukari.

Basi tulisogeza kamba mbele. Chumba sasa ni mita 3 kwa 3.5, kinashikana na ukuta wa nyumba, na kinakula nusu ya baraza. Hilo linatuuma, maana baraza ndiyo mahali pa kusukana nywele na kuchambua maharagi, lakini nusu inatosha. Ili pembe zisiwe za kupinda tulitumia kamba yenye vifundo 12 vya nafasi sawa, na kuikunja iwe na pande za nafasi 3, 4 na 5. Pembe inayokaa kati ya upande wa 3 na ule wa 4 ni pembe mraba kamili. Wavulana wetu walishika vifundo, na mmoja aliyekuwa akilia kila siku kwamba hesabu za ISP za mama yake hazina kazi, alinyamaza.

Kisha matofali. Msinunue kwa kukisia. Matofali ya kuchoma hayalingani, kila tanuru lina kipimo chake. Pangeni mita moja ya mraba chini, mkiacha nafasi ya kidole kati ya tofali na tofali, halafu mhesabu. Ya kwetu yalitoa 50. Kuta mpya ni tatu: mita 3, mita 3.5, mita 3, jumla mita 9.5. Urefu wa kwenda juu ni mita 2.6. Hiyo ni karibu mita 24.7 za mraba, ukitoa dirisha inabaki 23.5. Mara 50, ni matofali 1175. Tukaongeza ya kuvunjika, tukaandika 1300. Fundi alikuwa ametuambia 2000. Hatusemi alitaka kuiba, tunasema hakuhesabu.

Sasa ule ubishi wa mpangaji na binti. Tuliutatua kwa milango. Chumba ambacho lazima upite ndani ya chumba kingine ndipo ukifikie, hakiongezi thamani kubwa: mpangaji hakitaki, na mnunuzi akija kutazama nyumba anakihesabu kama stoo. Chumba chenye mlango wake wa nje ni kitu kingine. Lakini binti wa miaka 14 hatumpi mlango wa nje, hapana. Kwa hiyo mlango wa sasa utaingia ndani ya nyumba, mahali ambapo leo ni dirisha la chumba cha wavulana. Juu ya dirisha hilo tayari kuna linto inayobeba ukuta, basi tunabomoa tu matofali ya chini yake, na nyumba haitikisiki. Upande wa nje tutaweka dirisha, lakini linto yake itakuwa na upana na urefu wa mlango. Binti akiolewa au akienda chuo, tutabomoa matofali yaliyo chini ya dirisha, tutaziba mlango wa ndani, na chumba kitakuwa cha kupangisha. Linto ndefu kidogo leo ni vyuma viwili vitatu zaidi. Kuivunja na kuiweka upya kesho ni kazi ya juma zima na vumbi kwenye chakula.

Wavulana wakapiga kelele: chumba chetu kitakuwa giza! Wana haki. Dirisha lao linaondoka. Tutawawekea bati moja linalopitisha mwanga katika paa la upande wao. Wengi wanasahau jambo hili, wanapata chumba kimoja kizuri na kuua kingine.

Siku ya kupangisha ikifika, tukumbuke kwamba sheria ya Desemba 2015 juu ya upangaji inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Tunajua wenye nyumba wanaoomba zaidi, na tunajua wamama waliolia kwa sababu hiyo. Tusiwe sisi.

Kuhusu karatasi, tutasema kwa ufupi. Kwa sheria ya mwaka 1973 udongo ni mali ya Serikali, na sisi tuna haki ya kuutumia, haki inayoonekana kwenye karatasi ya parseli. Kuongeza chumba kunaomba ruhusa ya kujenga. Katika ofisi moja tulipewa bei mbili kwa siku moja, na watu wawili. Tukauliza ipi ina risiti. Tukalipa yenye risiti. Chumba kisicho na ruhusa, au kilichovuka mpaka kwa mita moja, siku ya kuuza kinapunguza bei badala ya kuiongeza.

Na jina. Sheria ya familia ilirekebishwa Julai 2016: mke haombi tena ruhusa ya mume kwa matendo yake ya kisheria, na mambo yanayowafunga wote wawili yanadai makubaliano ya wote wawili. Lakini karatasi nyingi bado zina jina moja. Kwetu pia ilikuwa hivyo, na tuliongea usiku mmoja bila hasira, sababu chumba hiki kinajengwa kwa zamu ya likirimba ya mama na kwa akiba ya baba. Tumeanzisha daftari: tarehe, kitu, bei, nani alilipa, na risiti imebandikwa kando. Mama aliyenunua mabati 8 kwa pesa ya mandazi, na iandikwe. Tumewaona wajane walioulizwa na ndugu za marehemu, «Wewe ulileta nini hapa?», na wakakosa hata kikaratasi cha kuonyesha.

Tunanunua kidogo kidogo, kwa mpangilio. Mabati na misumari kwanza, maana havioozi, viko chini ya kitanda. Matofali yanafuata, tumefikisha 700, yamefunikwa kwa shitingi. Simenti itanunuliwa juma lile lile la kazi, sababu ukiiweka miezi ndani ya nyumba yenye unyevu inaganda kwenye mfuko. Pesa ya minerivali ya Septemba iko kwenye bahasha tofauti na haiguswi, hata kama itabaki safu tatu za tofali. Zamu yetu inafika Mei. Tutaanza Juni mvua ikikatika, na ni lazima paa liwe juu kabla ya Agosti kwisha. Isipowezekana, tutasimama kwenye msingi na kungoja mwaka mwingine. Kuta zilizoachwa wazi zipigwe na mvua miezi tisa ni pesa iliyotupwa.

Mama wa chini ametupa sharti moja: mfereji wa bati na pipa viwekwe siku ile ile mabati yanapopigwa misumari, si baadaye. Maji ya pipa tutagawana siku bomba linapokauka. Tumeliandika sharti hilo kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, na ameweka sahihi yake.