Mkono Nao Una Akili

Waungwana husema, ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Lakini sayansi wanayosomeshwa wengi katika wana wetu ni ya kunena tu. Mwalimu huandika ubaoni, mtoto hunakili, kisha mtihani ukaja kumwuliza alichonakili.

Sisemi kuhifadhi ni kubaya. Kuhifadhi ni neema, na watu wa vyuoni twaijua thamani yake. Lakini hata huko chuoni hati haifunzwi kwa kusikiliza; mkono huandika herufi ile ile hata ukazoea.

Twaa rula ya sentimita 30. Mmoja aining'inize, mwenzake aweke vidole viwili kandokando ya sufuri bila ya kuigusa. Rula iachwe ghafla, naye aidake. Akiidakia kwenye sentimita 20, basi jicho, ubongo na mkono vimepashana habari kwa takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Akiidakia kwenye 10, ni kama sehemu moja ya saba. Arudie mara kumi kwa mkono wa kulia na kumi kwa wa kushoto, aandike, atafute wastani. Hapo amepima, amehesabu na amelinganisha, na gharama yake ni rula moja.

Jaribio jingine ni la kioo. Chora nyota ya mistari miwili, kisha pitisha penseli katikati ya mistari hiyo, hali unautazama mkono wako kiooni tu. Mkono utakwenda kombo! Ukirudia, utanyoka. Jaribio hili Brenda Milner wa Kanada alimpa Mmarekani Henry Molaison, aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili atibiwe kifafa, akapoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Kwa siku tatu mkono wake ulizidi kuwa hodari, na yeye hakumbuki kama aliwahi kuifanya kazi ile. Ikabainika kuwa maarifa ya mkono yana ghala yake katika ubongo, mbali na ghala ya mambo tunayoyakumbuka na kuyasimulia.

Basi kwa nini mtoto ashindwaye kukariri tumwite mjinga? Nani atasema kuwa mchongaji wa milango ya Lamu hana akili? Wala rula isigeuzwe mizani ya kuwatenga watoto. Aliyechelewa kuidaka si mpumbavu, na mazoezi humfaa.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulisifiwa kwa kazi za mikono, lakini mtihani ukazimeza. Mtaala wa umilisi nao umekuja na vitendo, na wazazi wamelalamika kuwa vifaa ni ghali. Wengine hukesha wakiwafanyia wana wao kazi ili wapate alama. Hilo ndilo linalonikera. Mkono wa mama haufunzi ubongo wa mwana.

Ndugu mzazi, kaa kando. Mwache akosee, arudie, akuulize kwa nini. Nawe mwalimu, tenga japo kipindi kimoja kwa juma, chaki ipumzike na mikono ifanye kazi. Samaki mkunje angali mbichi; na mikono ya watoto wetu ingali mibichi.