Kituku: Mama wa malewa anajua hesabu yake, na boti je?

Msafiri anayetoka Minova kwa boti, mahali pa kwanza anapopumzika Goma ni kwa mama wa malewa, pale sokoni Kituku, pembeni ya ziwa Kivu. Kuna moshi wa makala, sambaza za kukaanga, maharagi, sombe na bugali. Wenye pikipiki wanaita wateja, wenye chukudu wanapita na magunia ya viazi. Mwenye franka kidogo anaomba nusu sahani na anapewa. Mama aliyekimbia vita na watoto wake wanakula kwanza, atalipa akimpata ndugu yake mjini.

Akikaa kwenye benchi, msafiri ataona jambo moja. Mama wa malewa hana daftari, lakini anajua ametoa sahani ngapi, nani amelipa, nani bado, hata nani amesahau mfuko wake chini ya meza. Lakini boti iliyomleta mteja huyo, mara nyingi hakuna anayejua imebeba watu wangapi. Wachache wanaandikwa, wengine wanapanda nyuma yao, kisha magunia juu.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, watu wa pwani wakiona kwa macho yao. Siku zile hesabu zilipishana: wakuu wa upande mmoja walitaja watu 78 waliokufa, wengine walitoa hesabu ya chini. Jamaa zilizunguka na picha kwenye simu, zikiuliza kama mtu wao alipanda au hakupanda. Hilo nalo ni kilio juu ya kilio.

Watu hawakupanda boti kwa kupenda maji. Vita ilikuwa imefunga barabara ya Sake, na ziwa likabaki njia.

Wenye boti wanasema mafuta ni bei kali: wakipunguza watu, tiketi itapanda. Ni kweli, na mhami wa vita ndiye ataumia kwanza. Ndiyo sababu wakuu wa bandari na wenye boti wapaswa kukaa pamoja, wapange bei inayojulikana, na magunia yasafiri kwenye boti yao. Lakini kuandika jina la mtu kunaomba kalamu na karatasi tu. Jile ya kuokoa maisha nayo ivaliwe kabla ya injini kuwaka, isibaki imefungwa pembeni.

Na karatasi ile ya majina isisafiri na boti peke yake, kwa maana boti ikizama, nayo inazama. Nakala moja ibaki Minova, nyingine itumwe kwa simu hadi Kituku, ibandikwe pale kwenye malewa, jamaa zinapongoja wageni wao. Mama anayejua hesabu ya sahani zake hatashindwa kuona kwamba kuna mgeni aliyeandikwa na hajafika.