Shanwe: magunia yanahesabiwa, sahani haihesabiwi

Kila mavuno yanapokamilika, Mkoa wa Katavi hutaja tani zake za mahindi na mpunga bila wasiwasi, na una haki ya kufanya hivyo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) umejengewa vihenge vya kisasa Mpanda kwa sababu nafaka ipo. Mkazi wa kata ya Shanwe, katika Manispaa ya Mpanda, akiambiwa kuwa mkoa wake una ziada ya chakula hatashangaa. Swali linalobaki ni la sahani: anakula nini, na ulaji huo uko karibu au mbali kiasi gani na ule uliowakuza babu na bibi zake?

Swali hilo si la mapambo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa na takriban 57, na Rukwa, ambayo Katavi ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 2012, ilikaribia 50. Katavi yenyewe ilikuwa juu kidogo ya wastani wa taifa. Hii ni mikoa inayolisha wengine. Ni wazi kuwa wingi wa magunia hauelezi afya ya mtoto, na mwenye kupanga bajeti ya kilimo kwa kutazama magunia peke yake anasoma nusu ya hesabu.

Kuna wanaosema dawa ni kurudi kwenye chakula cha asili. Hoja hiyo sasa ina ushahidi kutoka hapa hapa nchini. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wanaume 77 wenye afya njema mkoani Kilimanjaro. Baadhi ya waliozoea ndizi, kunde, mboga za majani na nafaka za asili walipewa kwa wiki mbili chakula cha kisasa cha viwandani na cha kukaangwa. Baadhi ya wale wa mjini walibadilishiwa kwenda upande wa asili. Wengine walikunywa mbege kwa wiki moja. Waliohamia kwenye chakula cha kisasa walionyesha dalili za uvimbe ndani ya damu na kinga iliyolegea. Waliohamia kwenye cha asili walionyesha kinyume chake. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Wiki mbili tu!

Lakini Kilimanjaro si Shanwe. Mpanda ni mji wa reli na wa wahamiaji, ambako Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wafipa na Wasukuma wanakutana sokoni. Ukisema "chakula cha asili" lazima uulizwe asili ya nani. Kwa mmoja ni ugali wa ulezi au wa mihogo kwa mlenda na karanga. Kwa mwingine ni michembe na maziwa. Wapo wa dagaa na migebuka kutoka Ziwa Tanganyika, na wapo wa uyoga na asali ya miombo. Mahindi yenyewe, ambayo leo ndiyo mfalme wa sahani, asili yake ni Amerika, na mihogo pia. Kwa hiyo kinachofaa kupimwa ni mpangilio wa mlo: nafaka isiyokobolewa, jamii ya kunde, majani, samaki kidogo, matunda, na mafuta ya kiasi.

Wazungu wa kusini walishafanya kazi ya namna hii. Mwaka 1995 Antonia Trichopoulou na wenzake nchini Ugiriki walitunga alama za kupima jinsi mtu anavyofuata ulaji wa jadi wa nchi za Mediterania. Mtu anayekula mboga au kunde kuliko mlaji wa kati katika kundi lake hupata alama moja, na anayezidisha nyama huikosa. Baadaye Wahispania walitengeneza maswali 14 yanayojibiwa kwa dakika chache.

Kuiga kipimo hicho kama kilivyo ni kosa, na si kwa sababu tu kinauliza mafuta ya zeituni na divai. Kosa kubwa liko katika huyo mlaji wa kati. Mahali ambapo karibu kila mtu anakula maharage kidogo mno, nusu yao bado watapata alama kwa kuwazidi majirani zao. Kipimo kitasifu upungufu.

Vipimo vilivyozoeleka hapa navyo vina matundu. Chukua alama za ulaji za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), zinazohesabu siku ambazo kila kundi la chakula limeliwa katika wiki. Kaya inayokula ugali siku saba hupata alama 14, maharage siku tatu alama 9, mboga siku saba alama 7, na mafuta na sukari kila siku alama 3.5 kwa kila kimoja. Jumla ni 37. Kwa mstari wa kawaida wa 35 kaya hiyo iko salama, ingawa haijaona samaki, maziwa wala tunda wiki nzima. Kwa mstari wa 42, unaotumika mahali ambapo mafuta na sukari huliwa kila siku, haiko salama. Kaya ni ile ile. Tena sembe na dona vinapata alama sawa, wakati kinu cha kukoboa kimeshaondoa pumba na kiini vyenye vitamini na nyuzinyuzi.

Shanwe inahitaji maswali yake, hata kumi tu, yenye viwango visivyotegemea jirani anakula nini. Kunde au karanga siku ngapi? Majani ya aina ngapi, yakiwamo ya porini? Unga ni dona, ulezi, mtama au sembe? Soda, maandazi na chipsi mara ngapi, na alama zipunguzwe hapo. Pombe nayo iulizwe bila aibu, maana si kila cha jadi kina afya. Swali la dona liambatane na ushauri wa kukausha mahindi vizuri. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 haichagui unga wa asili. Na aulizwe mama na mtoto, siyo mkuu wa kaya peke yake. Sahani ya baba mara nyingi ndiyo yenye samaki.

Fedha si kikwazo kikubwa. Halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa shughuli za lishe, na mwaka 2022 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, na siku ya afya na lishe hufanyika kila robo mwaka. Maofisa kilimo nao wayapate majibu, kwa kuwa kaya ikikosa kunde kwa sababu imeuza karanga zote au imekosa mbegu ya njugu mawe, jambo hilo ni lao kuliko la mganga.

Hesabu ifanyike mara mbili kwa mwaka: Februari, majani yakiwa tele na ghala likielekea kuisha, na Septemba, ghala likiwa limejaa na bustani zimekauka. Anayepima Februari tu atadhani mboga zipo mwaka mzima, na anayepima Septemba tu atadhani unga haujawahi kuisha.