Kurudi kwa Hitchcock

Mwaka 1972, filamu ya Frenzy ilipotokea, wahakiki wengi walishangilia kwamba Alfred Hitchcock ameurudia ubingwa wake. Sifa hiyo yakaririwa mpaka leo kama hukumu isiyo na rufani. Mimi naikatia rufani. Sikatai kwamba alirudi. Nakataa sababu itolewayo.

Asili ya sifa hiyo yafahamika. Baada ya Psycho, 1960, na The Birds, 1963, nyota ya mzee huyu ilififia. Torn Curtain ya 1966 na Topaz ya 1969, hadithi za majasusi, ziliwachosha wengi. Ndipo mwana huyu wa muuza mboga akarudi London alikozaliwa mwaka 1899, akaingia soko la Covent Garden, na humo akasimulia habari za Rusk, mfanyabiashara wa matunda, mcheshi na mkarimu, anyongaye wanawake kwa tai. Anayeshukiwa ni Blaney, rafiki yake mwenye hasira nyingi na bahati haba. Kikulacho ki nguoni mwako. Hiyo ndiyo hofu ya hadithi hii.

Watu walisifu nini? Walisifu ujasiri. Kanuni za zamani za Hollywood zilikuwa zimeondolewa mwaka 1968, naye akayaonyesha mauaji ya Brenda, aliyekuwa mke wa Blaney, bila pazia: kunajisiwa, tai shingoni, macho, ulimi. Wakasema bwana amefunguliwa minyororo. Nami nasema kwamba hapo ndipo ufundi wake ulipolala. Kukaza macho juu ya mateso ya mwanamke si kazi ya bingwa. Ni kazi iwezwayo na kila mwenye kamera.

Tazameni kifo cha pili. Rusk ampandisha Babs ngazi mpaka chumbani kwake, amwambia maneno yale aliyomwambia Brenda, na mlango wafungwa. Kamera haiingii. Yarudi nyuma polepole, yashuka ngazi kimya kimya, yatoka mlangoni, na mara kelele za soko zatujaa masikioni: watu wapita na mizigo yao, wala hapana ajuaye. Hatuoni tone la damu, na hofu yatushika kuliko kwanza. Huko ndiko kurudi.

Mtu aweza kunijibu kwamba kimya cha pili hupata nguvu kwa ukelele wa kwanza. Hoja hiyo si dhaifu. Lakini ilitupasa kujua atendalo Rusk. Haikutupasa kulikodolea macho hata mwisho. Katika Psycho, Hitchcock yule yule alitufanya tuamini kwamba tumeona kisu kikikata, hali sehemu kubwa ya ukatili ule tuliutenda wenyewe akilini.

Tena yupo Rusk ndani ya lori usiku, akipekua gunia la viazi ili aitoe pini yake ya tai katika ngumi ya maiti. Twajikuta tukimwombea muuaji afanikiwe. Aibu hiyo ni yetu, na kuifunua ni elimu ya nafsi.

Basi, wanafunzi wa sanaa, mwambiwapo kwamba bingwa amerudi, ulizeni amerudia nini. Wahakiki wale walimpongeza kwa mlango aliouacha wazi. Mimi nampongeza kwa ule alioufunga.